Bonge na Watu wa Bima

Bekarini walimwita Bonge, na hata baada ya kupungua mpaka suruali zake za zamani zikawa zinamtosha yeye na mwenzake, jina halikupungua. Mgeni akitumwa kumtafuta alimpita hapo hapo mlangoni. "Bonge yuko wapi?" "Si huyo uliyemkanyaga!" Wote wakavunjika mbavu, na Bonge akacheka nao. Alipenda utani, na anayecheka haulizwi maswali.

Unene haukumtoka kwa bahati. Daktari alimwambia sukari imepanda, magoti yameanza kusagika, na moyo wake mmoja unafanya kazi ya mioyo miwili. Bonge aliogopa kwelikweli. Akaacha kuonja kila trei inayotoka kwenye oveni, akaacha soda, akaanza kwenda kazini kwa miguu. Mwanzoni hakuna aliyegundua. Baadaye watu wakaanza kumvuta mkewe pembeni na kumuuliza kwa kunong'ona kama baba anaumwa. Mwishowe daktari mwenyewe akainuka kitini akampa mkono.

Ambacho hakuna aliyemwambia ni kwamba mafuta huondoka, ngozi hubaki. Ya tumboni aliikunja ndani ya mkanda, ikatulia. Kifua ndicho kilichomshinda. Mwanaume mzima, ndevu zake kidevuni, alibaki na matiti mawili marefu, laini, yaliyolala juu ya mbavu.

Chumba cha oveni kina joto la kumtoa mtu roho. Wenzake walifanya kazi na fulana tupu. Yeye alivaa fulana ya kubana, juu yake shati, juu ya shati koti jeupe la kazi, akidai ana baridi ya mifupa. Jasho likachanganyika na vumbi la unga chini ya ile ngozi, vikatoka vipele, vipele vikawa vidonda. Alipaka dawa, vikapona. Akirudi kazini, navyo vinarudi. Asubuhi moja alikuwa akiinua gunia la unga, ngozi ikachanika na damu ikapenya mpaka kwenye koti.

"Umejikata wapi?" aliuliza msimamizi wa zamu, mama mmoja ambaye sauti yake ilisikika hata mashine za kukandia zikiwa zinanguruma.

"Si kitu, mama."

"Si kitu hakitoi damu. Vua koti, nenda hospitali."

Koti hakulivua, ila hospitali alikwenda. Daktari wa upasuaji alimkagua bila maneno mengi. "Hii ngozi haitajirudi," alisema. "Tuiondoe, na nyama ya chini yake pia. La sivyo dawa utapaka mpaka uzeeke." Akapeleka maombi kwa watu wa bima, bima ile ile ambayo bekari huwakatia wafanyakazi wote. Jibu likaja kwenye simu: yamekataliwa, upasuaji wa urembo haulipiwi.

"Mimi na urembo wapi na wapi?" Bonge alijiuliza, akiwa amesimama kituoni na kidonda kinamwasha.

Ofisi ya bima ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Dirishani alikaa dada mmoja mwenye miwani, akasoma kwenye kompyuta yake kwa sauti ambayo Bonge aliona inatosha kusikika mpaka barabarani.

"Upasuaji wa matiti. Mgonjwa ni mkeo?"

"Hapana."

"Binti yako?"

Bonge akainama kwenye tundu la kioo. "Ni mimi, dada yangu."

Dada akamtazama, akatazama kompyuta. Bonge alisubiri kicheko. Hakikuja. Dada alishusha sauti mpaka ikabaki baina yao wawili.

"Nisamehe, kaka. Hii mashine nayo, ukiiandikia mwanaume kwenye matiti inaona umekosea, inakutupa upande wa urembo. Lakini unaweza kukata rufaa. Jopo lina madaktari, si mashine. Lete maelezo ya daktari wa ngozi kuhusu vidonda, na picha."

"Picha za nini?"

"Za kifua. Bila nguo, kwenye mwanga mzuri. Mbele na ubavuni."

Bonge alishuka ngazi. Maelezo ya daktari hayakuwa shida. Picha ndiyo iliyomkosesha raha. Tangu mwili ulegee hakuna aliyemwona kifua wazi isipokuwa madaktari, na mkewe hayumo katika madaktari. Nyumbani alivaa na kuvua bafuni. Taa ikiwaka chumbani, yeye huwa na shati. Mkewe akimsogelea, yeye hukumbuka ghafla kwamba hakufunga geti.

Jumamosi, mkewe alipotoka kwenda dukani, alijifungia bafuni na simu. Akaunyoosha mkono wa kulia, akapiga. Ikatoka pua na nusu ya taa. Akajaribu wa kushoto, akapata sikio. Akaisimamisha simu juu ya sinki, akarudi nyuma, kiwiko kikagonga rafu na chupa za shampuu zikaporomoka zote kwa pamoja. Hapo ndipo mlango ulipogongwa; mkewe alikuwa amesharudi.

"Baba Mapacha! Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Basi fungua."

"Nakuja."

"Fungua, nimesema."

Sauti ile haikuwa ya hofu tu. Kulikuwa na kitu kingine ndani yake ambacho Bonge hakukitambua. Akavaa shati, akakosea vifungo, akafungua. Mkewe alitazama simu iliyosimama juu ya sinki, akatazama lile shati lililopanda upande mmoja.

"Unampigia nani picha?" aliuliza taratibu.

"Nani wa nani?"

"Usinifanye mtoto. Umekonda, umependeza, mimi hunioni. Unajifungia, unajificha, nikikugusa unakimbilia geti. Nimenyamaza kwa ajili ya watoto. Leo sema tu, ni nani?"

Bonge alipigwa na butwaa. Siku zote alizojificha aliwazia aibu yake peke yake. Haikumpitia akilini kwamba mwenzake yuko upande wa pili wa mlango ule ule, anajenga picha nyingine kabisa. Basi akakifungua kifungo cha kwanza, kisha cha pili, mpaka shati likamtoka, akasimama pale chini ya taa ya bafuni na mikono yake haijui iende wapi.

"Ni watu wa bima," alisema. "Wanataka picha."

Mkewe akasogea, akainua ile ngozi kwa vidole viwili kama anavyoinua kope la mtoto mwenye mchanga jichoni, akaona kidonda chini yake, chekundu, kinachong'aa.

"Kinauma?"

"Kinauma."

"Tangu lini?"

Bonge akatazama sakafuni. Mkewe aliketi kwenye ukingo wa beseni kubwa la kufulia, akajifuta macho kwa kiganja. Ghafla mabega yakaanza kumtikisika, na Bonge alidhani analia mpaka alipomsikia anacheka.

"Mwenzio nimekuwa nikinusa mashati yako kama mbwa wa polisi," alisema. "Yananuka hamira tu."

Naye Bonge akacheka, akiwa kifua wazi, mara ya kwanza mbele yake baada ya muda mrefu. Picha alizipiga mkewe, kando ya dirisha la chumbani, pazia limefunguliwa. "Geuka kidogo. Usijikunyate. Pumua, Baba Mapacha, si kitambulisho hiki."

Rufaa ilisikilizwa katika chumba kidogo chenye feni. Walikuwa madaktari wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, pamoja na ofisa wa bima. Njiani mkewe alikuwa amemsisitiza: zungumzia vidonda, usitaje kitu kingine, wasije wakapata pa kushikia. Bonge akazungumzia vidonda. Akaeleza joto la oveni, gunia, damu. Daktari mzee alipitia picha moja moja, kisha akamtazama usoni.

"Tuseme tumepata dawa inayomaliza vidonda kabisa. Utautaka huu upasuaji?"

Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza. Jibu salama Bonge alilijua. Akalitafuta mdomoni, likakataa kutoka.

"Nitautaka, daktari. Vidonda vinaniuma, sidanganyi. Lakini na kujificha kunaniuma. Nimejificha mpaka mke wangu akanidhania mambo. Kama huo ndio urembo, basi nami nautaka."

Ofisa aliandika, na mkewe akafumba macho kama mtu aliyeona glasi inaanguka. Daktari mzee akafunga faili.

"Nilitaka kujua kama utarudi kutulaumu ukiona makovu," alisema. "Makovu yatakuwepo, na si madogo."

"Makovu nitayavaa."

Simu ilikuja wiki iliyofuata, wakiwa nyumbani mezani wanakula. Kifua kimekubaliwa, kwa sababu ya vidonda. Ngozi ya tumbo, ambayo daktari wake alikuwa ameiombea pia, imekataliwa. "Hilo tumbo tuachieni," mkewe aliiambia simu iliyokwisha kukatika.

Bonge aliingia chumba cha upasuaji roho juu. Akapigwa nusu kaputi, akaanza kumsimulia nesi jinsi ya kujua mkate umeiva, na hakumaliza. Alipozinduka kifua kilikuwa kimefungwa bandeji na mirija miwili inatoka ubavuni. Maumivu yalikuwepo, tena si ya mchezo. Nyumbani mkewe alimwaga maji ya mirija, akambadilishia bandeji, akamgombeza kila alipojaribu kuinua hata birika. Makovu yakapoa polepole, mistari miwili mirefu, mmoja umenyooka na mwingine umepinda kidogo.

Jumapili moja mchana, baada ya daktari kumruhusu, Bonge alivua shati, akalitundika nyuma ya mlango, akalala kifudifudi. Kitu hicho hakuwa amekifanya tangu apungue, maana ngozi ilikuwa ikijikunja na kumbana. Aliisikia shuka baridi kifuani pote, tambarare, mpaka mbavuni. Mkewe alipokuja kujinyoosha alimkuta amekamata kitanda chote, mikono huku na huku, anakoroma.

"We baba, sogea," alisema, akamsukuma begani. Bonge hakusogea. Mkewe akajibana kwenye nafasi iliyobaki, akaweka kiganja katikati ya mgongo wake wazi, naye usingizi ukamchukua.