Uso wa Yavor

Mlango wa makao yetu ya wazee hapa mjini Ruse hufunguliwa kwa uso. Siku ya kwanza ndugu wa mzee anapigwa picha, na tangu hapo akija anasimama mbele ya kioo kidogo ukutani, taa inakuwa ya kijani, anaingia. Kompyuta inaandika jina na saa. Zamani kuufungua mlango ilikuwa kazi yangu. Ilipokuja mashine, nilihamishiwa wodini.

Bi Stoyanka wa chumba cha nane alikuwa na wana pacha wa miaka hamsini na mbili. Yavor, fundi bomba, alikuja kila jioni kumlisha mama yake supu. Ognyan alipigwa marufuku na mama mwenyewe, kwa maandishi, maana kila alipokuja alimfokea amwandikie nyumba ya kijijini. Mashine haikuwahi kumpiga picha.

Jumanne moja ya Februari nilimkuta Bi Stoyanka amejikunyata kitandani, chai imemwagika hadi sakafuni.

"Ognyan alikuja," alisema. "Amenifokea."

Nilikwenda kutazama kompyuta. Iliandika: Yavor, saa tano na dakika kumi asubuhi.

Jioni mkurugenzi, Bi Genoveva, alimwita Yavor ofisini, nami nipo.

"Asubuhi umemfanya nini mama yako?"

"Asubuhi nilikuwa nimelala chini ya sinki la watu. Waulize."

"Mashine imekuona."

"Imemwona Ognyan. Sisi ni pacha, dada. Hata marehemu baba alikuwa akinichapa mimi kwa makosa yake."

Bi Genoveva alimpigia simu fundi wa mashine, aliyekuwa mjini Sofia, akaweka sauti tusikie sote. Fundi alisema mashine hukosea mara moja katika milioni.

"Na pacha?" niliuliza.

"Pacha hatukuwapima."

"Ikazeni basi," alisema Bi Genoveva.

"Nikiikaza, itamkataa hata Yavor mwenyewe siku hajanyoa."

"Nibadilishieni namba ya siri," alisema Yavor.

"Bwana, namba yako ya siri ndiyo huo uso."

Yavor alijishika shavu. Akasema yeye alikubali kupigwa picha, lakini Ognyan hakuulizwa, na kumbe naye yumo humo humo. Akaomba uso wake ufutwe leo hii. Bi Genoveva alisema hana ruhusa. Wakubwa wanakuja Ijumaa, hadi hapo mashine isiguswe. Nilitaka kujitolea nikae mlangoni, lakini tulikuwa wahudumu wawili kwa wazee thelathini na moja, na Bi Genoveva alijua hivyo kabla sijafungua mdomo.

Alhamisi nilikuwa namwogesha mzee wa chumba cha tatu. Nilipotoka, kompyuta ilikuwa imeshaandika: Yavor, saa nne kasoro robo. Nilikimbia hadi chumba cha nane. Bi Stoyanka alikuwa ametulia kabisa.

"Yavor kaniletea karatasi za hospitali," alisema. "Leo kasema nami kwa upole. Nimetia saini."

Macho yake yalikuwa na ukungu wa miaka mingi, na sauti za wale wawili hata mimi zilinichanganya. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikashindwa kumwambia. Jioni Yavor ndiye aliyemwambia kwamba aliyemtilia saini ni Ognyan.

Ijumaa wakubwa walikuja, wakaufuta uso, wakanywa kahawa, wakaondoka. Yavor alipofika alipiga kengele, nikakagua kitambulisho chake kama mgeni, nikampeleka.

Mama yake alivuta blanketi hadi kidevuni.

"Si nimeshakutilia saini? Unataka nini tena?"

"Mama, ni mimi. Yavor."

"Hata jana ulisema hivyo."

Alimtajia jina la mbwa wao wa utotoni, na kovu la goti lake, na siku waliyoanguka na baiskeli. Bi Stoyanka alisema Ognyan naye alikuwepo siku hiyo. Yavor akasimama na kopo la supu mkononi, akanitazama kana kwamba mimi nina la kufanya.

Nilimlisha mimi. Yeye alisubiri ukumbini, mlango ukiwa wazi kidogo, mpaka supu ikaisha.