Gitaa la Kijani la Papa Anatole

Tangu msumeno wa mashine ulipomkata Papa Anatole vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto, nyumba yake ilipoa. Huyu alikuwa seremala wa kusifiwa Albertville nzima, mji ule wa kando ya ziwa, na maneno hayakumuishia mdomoni. Zamani alimgombeza mkewe juu ya chumvi, juu ya mlango uliobamizwa, juu ya kuku walioachwa nje. Sasa alishinda barazani akitazama ziwa. Chakula kikizidi chumvi, alikula. Kikikosa chumvi, alikula. Mlango ukibamizwa, hakugeuka.

Mama Domitille alivumilia miezi minane. Majirani walimwambia ana bahati, mume wake amekuwa mpole. Yeye aliwaitikia kwa adabu, akarudi ndani na uzito moyoni.

Juu ya kabati kulikuwa na gitaa. Anatole alilinunua ujanani, na ndilo alilokwenda nalo Mpala siku ya kumposa Domitille, akalipiga mbele ya baba mkwe katekista ambaye hakupenda muziki wowote usio wa kanisa. Baadaye yeye na wenzake wawili walipoanza kualikwa arusini, walipaka magitaa yao yote rangi ya kijani iliyobaki kwenye kazi ya mashua, ili wafanane. Rangi ile ilikuwa nzito kama uji, ikalifanya gitaa liwe na sauti ya debe. Kila mwaka Anatole alisema ataitoa. Baada ya ajali hakuna aliyelitaja tena.

Asubuhi moja ya kiangazi, mwaka wa 1963, Domitille alilishusha, akaling'oa nyuzi, akaketi nalo barazani, hatua tatu kutoka kwa mumewe. Anatole alimwuliza anafanya nini. Akajibu anatoa rangi. Alimwuliza ni nani atakayelipiga. Akajibu hajui bado. Anatole akarudisha macho ziwani.

Domitille alikuwa amemwona mara nyingi akikwangua meza kuukuu kwa kipande cha chupa, basi naye akavunja chupa. Lakini alikwangua akikata nyuzi za ubao, ile mistari yake ya asili, mkono ukienda huku na huku kama anayeparua samaki magamba. Kila mkwaruzo ulipolia, bega la Anatole lilishtuka. Siku ya kwanza Domitille hakujua kwamba anakosea. Siku ya pili alijua kidogo, akaendelea vilevile.

Siku ya tatu rangi ya mgongoni ilikataa kabisa. Akatia makaa kwenye pasi, akasubiri ipate moto, akaiinua juu ya gitaa.

"Weka chini ile pasi," Anatole alisema.

Domitille aliishikilia hapohapo hewani.

"Utayeyusha gundi yote, mama. Hili si shati." Alikuwa ameshasimama. "Na tangu juzi unalichuna kama mbuzi. Ubao una njia yake, huioni? Lete hapa."

Alikichukua kile kipande cha chupa, akakilaza kidogo, akakivuta polepole kufuata nyuzi za ubao. Rangi ikatoka kwa utepe mrefu, ikajikunja miguuni pake. Aliendelea mpaka jua likawa kali, mkewe akilikamata gitaa kwa mikono miwili, na yeye akimlalamikia kwamba analitikisa, kisha kwamba amelikamata mno. Domitille aliinamisha kichwa ili asimwone anavyotabasamu.

Chini ya kijani ulitokea ubao mwekundu, na ufa mwembamba karibu na tundu. Anatole alichemsha gundi katika kopo, akaupaka ufa, akaufunga kwa vitambaa siku mbili. Kisha ikawa kazi ya msasa. Vidole vitatu vya kushoto vilitosha kushika karatasi ya msasa, jambo ambalo mwenyewe alionekana kulishangaa.

Ikabaki vernisi ya kung'arisha ubao. Dukani haikuwepo. Lakini Papa Damien, jirani yao anayefanya kazi kwenye meli, aliwaletea kutoka Kigoma vernisi ya magamba makavu ya rangi ya asali, ya kuyeyusha kwenye alkoli. Alkoli nayo haikuwepo. Anatole alipokuwa amelala mchana, Domitille alitaka kumrahisishia kazi. Akayaloweka magamba machache katika lutuku, ile pombe kali ya mihogo, akapaka upande mmoja kwa kitambaa. Ilipokauka, ubao uligeuka mweupe, kama mtu aliyepakwa majivu.

Anatole alipotoka ndani alilitazama gitaa, akanusa kitambaa, akamtazama mkewe. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaketi.

"Nani alikuambia gitaa linakunywa lutuku? Ina maji ndani, Domitille. Maji njo yanaleta weupe."

Domitille alitaka kucheka naye, machozi yakamtangulia.

"Gitaa hili nililishusha ili unigombeze," alisema. "Tangu mkono wako uumie ulikuwa hunigombezi. Nilikuwa ninaishi kama na mgeni."

Anatole alikiweka kitambaa chini. Kisha akamwambia, bila kumtazama, kwamba alidhani akinyamaza atakuwa mzigo mwepesi.

"Mzigo gani? Nani alikuambia weye ni mzigo?"

 Anatole aliuchukua mkono wa mkewe, uliokuwa bado unanata, akaanza kuusafisha kidole kimoja kimoja kwa pindo la shati lake.

Kesho yake yeye mwenyewe alikwenda kwa Mama Pétronille, mwenye baa, kuomba alkoli ya kuwashia taa ya petromaksi. Akausugua ule weupe hadi ukaisha, akaanza upya na kitambaa kilichofungwa kama kitumbua, tabaka jembamba asubuhi, jingine jioni, kwa siku sita.

Jumapili baada ya misa waliweka nyuzi. Kwa vidole alivyobakiwa navyo aliweza kubana nyuzi mbili mbili tu, na wimbo wa arusi zao za zamani ulimkatikia katikati mara nne. Lakini gitaa lilikuwa limefunguka, sauti yake safi ikafika mpaka njiani. Domitille alisikiliza na ungo wa maharagwe mapajani, bila kuchagua hata punje.

Papa Damien, aliyekuwa akipita, alisimama. Hakusifu upigaji. Aliomba kuligusa gitaa, akapitisha kiganja mgongoni mwake, akauliza kama Papa Anatole anaweza kumtengenezea mandolini ya shemeji yake, iliyopasuka shingo. Anatole alisema ailete tu. Wiki iliyofuata likaja gitaa jingine kutoka Nyunzu, kwa treni, limefungwa katika blanketi.

Krismasi ilipofika, Domitille alirudi kutoka sokoni akakuta kila kiti cha nyumba kina chombo cha muziki kinachokauka vernisi. Aliuliza akae wapi. Anatole, bila kuinua kichwa, akasogea, akampisha nusu ya benchi lake.