Mashine Isiyohesabu kwa Sauti

Kwa siku nne kompaila ilimkatalia Saning'o jambo lile lile, na kwa siku nne Saning'o naye akaikatalia. Mkaidi alikuwa amekutana na mkaidi mwenzake.

Alikuwa mlinzi wa geti huko Noonkopir, mwenye miaka arobaini na moja, na mwanafunzi mzee kuliko wote katika chuo kidogo cha kompyuta kilichokuwa juu ya duka la dawa za mifugo pale Kitengela. Asubuhi akitoka zamu alipanda ngazi na macho yake mekundu, kompyuta yake kuukuu kwapani. Mwalimu Ndanu, msichana wa Machakos ambaye angeweza kuwa binti yake, aliwaambia siku ya kwanza kwamba kompaila ndiyo inayosoma ulichoandika kabla mashine haijakitii, na ikikuta kasoro inakurudishia maandishi mekundu. Vijana darasani waliyaogopa mekundu hayo. Saning'o hakuyaogopa. Alisema hata ng'ombe humpiga teke anayejifunza kukama.

Safari hii, hata hivyo, teke lilimwuma. Maandishi mekundu yalisema orodha yake haikuwa na idadi. Katika mabano ilitakiwa namba, naye aliyaacha matupu kwa makusudi, kwa sababu orodha ilikuwa ya ng'ombe wa mama yake, na ng'ombe hawahesabiwi. Anayewahesabu anaita balaa. Unasimama langoni jioni, unawatazama wakipita, na jicho lenyewe linakuambia nani hayupo. Yeyo, mama yake, alimfundisha hivyo kabla hajajua kujifuta kamasi.

Sasa jicho la Yeyo lilikuwa zima, lakini kumbukumbu ilianza kuvuja. Mwezi uliopita ng'ombe wawili walilala nje na hakujua. Wa pili aliliwa na fisi. Kisemei, kaka mkubwa, wakala wa forodha Namanga, akapata mnunuzi. Jumamosi kundi lote lingeondoka nyumbani kwao Bissil, na Yeyo angehamia chumba cha nyuma kwa Kisemei. Kisemei hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka tu. Kilichomuumiza Saning'o ni kwamba Yeyo hakubisha, na Yeyo alikuwa mtu wa kubishana hata na mvua.

Ndipo Saning'o akaamua kuandika programu. Mashine ingemwandikia Yeyo jina moja moja, naye angetazama bomani na kubonyeza N kwa ndiyo au H kwa hapana. Mwishoni ingemwonyesha asiyefika.

"Baba Sein, leo ni Alhamisi," Ndanu alisema, akisimama nyuma ya Saning'o. "Jaza tu hapo. Uko na ng'ombe ngapi?"

"Wako."

"Wako ngapi?"

"Wako wa kutosha, mwalimu."

"Kompaila haijui wa kutosha. Weka hata mia."

Aliweka mia shingo upande, akijifariji kwamba mia haikuwa idadi ya ng'ombe wa mtu yeyote aliyemjua. Mekundu yakatoweka. Lakini alipoijaribu programu, majina yalipokwisha mashine haikunyamaza. Iliendelea kuuliza, ikiitafuta ile mia, kama amefika, na mahali pa jina hapakuwa na kitu. Amefika? Amefika? Saning'o aliondoa mikono kwenye kibodi.

"Hizi swali zingine ni za nani?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Siwezi pelekea mama hii. Atasema nimemletea mashetani kwa boma."

Ndanu alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Hapo Saning'o akamweleza yote, mwiko na fisi na Jumamosi, macho yake yakiwa sakafuni kwa aibu.

Ndanu alivuta kiti akaketi. "Susu wangu akiulizwa ako na wajukuu wangapi, alikuwa anajibu, Mungu anawajua. Na sisi tulidhani hajui hesabu." Alielekeza kidole kwenye skrini. "Ungeniambia tangu Jumatatu. Futa hiyo mia. Acha mabano vile ulikuwa umeacha."

"Itakataa."

"Inakataa kwa sababu unaacha wazi, halafu unaleta majina moja moja huko chini. Andika yote hapo hapo, kwa huo mstari mmoja. Itajihesabia yenyewe, na haitaambia mtu."

Saning'o aliandika polepole, kwa kidole kimoja, kwa mpangilio ambao ng'ombe huingia nao nyumbani: Naibor mbele, kisha Narok, Nanyokie, Arus, Mugie, na wenzao wote. Kisha wakaibadilisha programu isome mpaka jina la mwisho. Akabonyeza. Hapakuwa na hata herufi moja nyekundu. Ndanu alimpa mkono kama mtu anayempongeza bwana harusi.

Ijumaa jioni alifika Bissil. Aliinamisha kichwa kwa salamu, Yeyo akakigusa. Kisemei alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha plastiki na viatu vyake vya ofisi, akiangalia simu.

Ng'ombe walipoingia, Saning'o aliiweka kompyuta kwenye mapaja ya mama yake. Yeyo alijifunza kusoma kwenye ngumbaru akiwa na miaka hamsini, na mpaka leo alisoma kwa kufuata na kidole. Naibor, akatazama, N. Narok, N. Alipofika kwa Arus alitazama muda mrefu. Akabonyeza H.

Mwishoni mashine ikaandika: Hajafika Arus.

"Arus ana mimba," Yeyo alisema, akisimama. "Amejificha azae. Ako korongoni, pale pale mama yake alimzalia."

Kisemei ndiye aliyetumwa. Alirudi akimswaga Arus, ndama mabegani, viatu havitamaniki.

"Na hii kitu imewahesabu?" Yeyo aliuliza.

"Inajua yenyewe, yeyo. Hata mimi haijaniambia."

"Ina adabu." Aliipapasa kompyuta kidogo. "Basi weka huyu mdogo, anaitwa Nairuko. Ukimaliza, weka Kisemei. Weka na wewe."

"Hii ni ya ng'ombe, yeyo."

"Kwani nyinyi hamkutoka kwa hii boma?"

Saning'o aliongeza majina matatu. Kompaila haikubisha. Yeyo akaanza upya, jina kwa jina, Arus N, ndama N, mpaka mashine ikauliza kuhusu Kisemei. Kisemei alikuwa akikwangua matope kiatuni, akaacha. Mama yake aligeuka akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, bila haraka, kama anavyomtazama ng'ombe aliyekwenda mbali. N. Kisha akamtazama Saning'o. N.

Kisemei aliinuka, akaenda langoni na simu yake. Walimsikia akimwambia mtu asijisumbue kuja kesho, ng'ombe za mama haziuzwi, na hapana, si mambo ya bei.

Yeyo hakugeuka. Alikuwa bado na kidole kwenye mstari wa mwisho, akiusoma mara ya pili ili ahakikishe: Wote wamefika.