Mtaa wa Waliofanana

Bi Mwanjaa, jirani yetu wa ukuta mmoja, anadai siku alipoposwa alilala mchana akaingia mji ambao kila mtu anaishi na mwenzake wa aina moja, na aliporudi akaanza kusema, hajanyamaza mpaka leo. Mama anamcheka, wewe shoga ulizaliwa unasema. Mimi sicheki. Leo alasiri baba mdogo anakuja kuchukua jibu langu kuhusu posa ya Habibu, na Habibu ni mimi mtupu: mpole, wa kutazama tu, maneno mawili kwa siku. Mama anasema mkifanana hamtagombana. Najilaza mkekani nifikirie, macho yanakuwa mazito, mkeka unarefuka, unakuwa njia, nami naifuata. Njia haiishi, ikiisha inaanza tena palepale, na nyumba zinatazamana, kila moja na pacha wake, mlango kwa mlango, ufa kwa ufa. Pembeni yangu anatembea mtu wa kanzu asiye na uso, ngozi tupu, laini kama unga uliokandwa. Shikamoo, namwambia, hapa ni wapi? Anasema, ni pale ambapo hakuna aliyewahi kumkosea mwenzake. Nachungulia dirishani. Mume na mke wamekaa, sufuria inaungua kati yao, moshi umefika darini; mume anamtazama mke, mke anamtazama mume, kila mmoja anangoja mwenzake aseme. Kanga ya mke imeshika moto. Nataka kupiga kelele, kumbe na mimi namtazama mwenye kanzu, nangoja aseme yeye. Nakimbia. Naingia mtaa wa pili, huko kila mtu na kinyume chake, makelele matupu, mwanamume anawaambia wageni mke wangu hali samaki, mke wangu kashiba, mke wangu kalala, na mkewe yuko macho, mdomo wake unazibika, limebaki tundu la kupitisha sindano. Nikae mtaa gani? namuuliza mwenye kanzu, kumbe bado yuko pembeni yangu. Anasema, kaa utakapoweza kuomba maji. Nipe maji basi! Anageuka, na pale pasipo uso unachomoza uso wa Habibu, mpole, umetulia. Habibu, nikatalie jambo moja tu, lolote, nijue kama upo. Ananitazama vilevile ninavyomtazama.

Nashtuka, niko mkekani. Mlango wetu nauona, lakini mkabala wake kuna mlango mwingine sawasawa nao, na sikumbuki kama nyumba yetu ina milango miwili. Baba mdogo amekaa mbele yangu, sijui tangu lini. Mara ya tatu hii nakuuliza, Siwema, unamtaka au humtaki? Mama anasema, mwari akinyamaza amekubali, shemeji, nenda kawaambie. Bi Mwanjaa anapaza sauti toka kwake, mwacheni mtoto avute pumzi! Napapasa mdomo wangu kwa kidole, nautafuta. Baba mdogo anainuka, anavaa kofia, anafika mlangoni, sioni ni mlango upi, kisha anasimama. Sema basi, mwanangu, anasema, nakuomba, hata neno moja.