Hina Juu ya Kovu

Nasiba alijua kabla ya kuambiwa. Binti yake ameketi kwenye benchi la hospitali, mkono wa kulia kauficha chini ya mtandio, na joto lote lile la Kamembe!

"Zulaikha, toa mukono."

"Maman, niache."

"Toa, nasema."

Mkono ukatoka. Kovu la mafuta ya sambusa lilianzia kwenye kiwiko likashuka hadi mgongo wa kiganja, limejikunja kama nailoni iliyoguswa na pasi. Lilivuta vidole hata mkasi ukawa haushikiki, na fundi aliyekuwa akimfundisha kushona akamwambia apumzike nyumbani kwanza. Sasa ndani ya mikunjo ile kulikuwa na weusi ambao haukuwa wa ngozi.

"Nani alikupaka?"

"Shangazi, siku ya Idi. Alisema mukono bila hina ni kama tuko matanga. Nilisugua na ndimu, nikasugua na majivu. Imetoka."

"Imetoka wapi, na miye naiona?"

"Weye unaona kila kitu. Dokta hataona. Maman, nakuomba, usiseme."

Daktari Uwamahoro alikuwa amekuja na mashine ya leza ya kulainisha makovu kutoka Kigali, na jioni hiyo alikuwa anaondoka nayo. Walipokuja kupimwa mara ya kwanza, aliwaonya wazi: wasipake chochote chenye rangi, kwa sababu mwanga ule hukamata rangi, na ngozi inaweza kuungua upya. Nasiba aliishia shule ya msingi, lakini neno kuungua halikuhitaji kufafanuliwa. Yeye ndiye aliyemvua mtoto blauzi siku ile jikoni.

Wakaitwa. Daktari aliugeuza mkono chini ya taa, akaugeuza tena.

"Hapa pamekuwa peusi. Umepaka kitu?"

"Hapana, Dokta," Zulaikha akajibu. "Ni jua tu."

"Jua la huku kwetu!" akacheka muuguzi, Nyiraneza, akitayarisha miwani ya kukinga macho. "Kule Bugarama linaivisha wali ungali shambani."

Wakacheka wote, isipokuwa Nasiba. Zulaikha alikuwa anamtazama mama yake bila kupepesa, kama mtu anayeshikilia mlango usifunguliwe. Nasiba akaanza kimoyomoyo, Yaa Latifu, Yaa Latifu, akitumaini daktari ataona mwenyewe na yeye asiwe msaliti. Daktari akavaa miwani. Akashika kichwa cha mashine kinachotoa mwanga.

"Dokta, ngoja. Ni hina."

"Maman!"

"Hina nyeusi, ile wanachanganya na dawa ya nywele. Shangazi yake alimupaka kwa mapenzi tu. Mutoto amesugua, lakini imebaki ndani."

Daktari akarudisha kifaa mahali pake. Hakufoka, na hilo lilimtisha Nasiba zaidi.

"Kiganja sikigusi. Kiwiko naweza, hakina rangi. Kiganja kitangoja nikirudi."

"Utarudi lini?" Zulaikha akauliza.

"Kusema kweli sijui. Mashine hii inazunguka nchi nzima."

Msichana akasimama, machozi yamemjaa. "Basi na kiwiko muache. Kiwiko kinashonaka nguo?"

"Na mukono ambao haunyooki," mama akamjibu, "utafika kwenye cherehani? Kaa, mwanangu. Unikasirikie ukiwa umekaa."

Muuguzi akainamisha uso kuficha tabasamu. Zulaikha akaketi kwa kishindo. Akavishwa miwani. Nasiba naye akapewa yake, akasogeza kiti karibu.

Mashine ikaanza, ta-ta-ta, kama mafuta yanayoruka kikaangoni. Ikafuata harufu ya nywele zilizobabuka. Dawa ya ganzi ilikuwa imepakwa, aliambiwa, lakini ganzi si ukuta. Je, kama rangi imeshuka hadi kwenye kiwiko na jicho lake halikuiona? Alikodoa macho nyuma ya miwani mpaka yakauma, akitafuta alama yoyote nyeusi.

Kitu kikamvuta begani. Zulaikha, uso kaugeuzia ukutani, alikuwa ameukamata mtandio wa mama yake kwa mkono ulio mzima, wa kushoto, na kuukaza kwa nguvu zote. Kwa hasira au kwa maumivu, Nasiba hakuweza kujua, wala hakuuliza. Aliinama tu, mtandio umfikie vizuri.