Uso wa Dhiki kwa Jumapili ya Furaha

Fundi rangi alidondoka kutoka kwenye ngazi akiupaka mnara wa kanisa rangi mpya kwa ajili ya Krismasi. Mguu ukavunjika vibaya. Kanisa lilimwonea huruma sana: walimwombea ibada nzima, wakampa pole na kalenda yenye picha ya mnara ule ule uliomwangusha, kisha wakamtafuta fundi mwingine.

Majilio, majuma yale manne ya kuingojea Krismasi, yakamkuta kitandani, mguu ndani ya plasta ngumu mpaka pajani. Mkewe, aliyeachishwa kazi kwenye kiwanda cha kushona sare, alikuwa akiwatilia majirani viraka kwenye nguo. Mama yake fundi, bibi mwenye ulimi mkali, alikunywa uji mtupu akiusifia kama mtu aliyeuagiza hotelini.

Jumapili ya tatu ya Majilio, ile inayoitwa ya furaha, Kamati ya Furaha ya kanisa ikapiga hodi. Mwenyekiti wake aliitwa Mama Tabasamu, maana tabasamu halikumtoka hata akigombeza watu. Aliingia na mfuko mkubwa wa zawadi, nyuma yake mpiga picha.

"Tumewaletea furaha!" alisema. Akatafuta pa kuuweka mfuko, akaiangalia sakafu, akaamua kuendelea kuushika. "Tutapiga picha mbili. Moja kabla ya zawadi, moja baada. Kwa hiyo kwanza, jamani, naomba nyuso za dhiki."

Wenyeji wakatazamana.

"Dhiki ya namna gani, mwanangu?" bibi aliuliza kwa adabu zote. "Ya msiba, au ya kukatiwa umeme?"

"Yoyote tu, bibi. Mradi ionekane."

Fundi rangi akajitahidi. Akakunja uso, akalegeza mdomo, akapandisha macho darini. Mkewe alipomtupia jicho, kicheko kikamponyoka.

"Baba watoto, hata siku ile unaanguka hukutoa sura kama hiyo!"

"Siku ile sikupata muda wa kujiandaa," alijibu mumewe, naye akaangua kicheko. Mpiga picha akashusha kamera, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Tafadhali!" Mama Tabasamu alifoka huku akitabasamu. "Wafadhili wanataka kuona hali halisi. Watu wenye shida mnacheka nini?"

"Waache hao, hawajui kazi," alisema bibi. Akajishika kichwa kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akapiga yowe.

Lilikuwa yowe la haja. "Mwanangu weee! Umeniachia nani miye!" Mpiga picha alivua kofia bila kujijua.

Mtaa mzima ulijua kuwa fundi yuko kitandani, na kilio kile kilikuwa na maana moja tu. Kinyozi wa nyumba ya pili akaja mbio na gunia la mkaa begani. Muuza mboga akaja na unga, mafuta na kapu la nyanya. Wengine walibeba viti. Walianza kulia tangu mlangoni, na walipofika ndani wakamkuta marehemu ameketi, anajifuta machozi ya kicheko.

"Hujafa?" kinyozi aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

"Bado, jirani. Unisamehe."

Kinyozi akalitua gunia. Kisha nyumba nzima ikalipuka kwa vicheko, muuza mboga akicheka mpaka akakaa chini.

Mama Tabasamu akawatazama mmoja mmoja. "Naona hapa furaha mnayo tayari," alisema. "Mfuko huu utabidi uende kwa wahitaji wa kweli." Akaondoka nao. Mpiga picha alisema atamfuata sasa hivi, akavuta kiti.

Mke wa fundi aliona haya. Akalivuta gunia kuelekea mlangoni. "Jamani, chukueni vitu vyenu. Msiba wenyewe haupo."

"Weka chini hilo," kinyozi alimkemea. "Rambirambi nikishaitoa nimeitoa. Siku mumeo akifa kweli, msinitegemee!"

Basi wakapika. Waliokosa viti walibanana kitandani, wakiuzunguka ule mguu. Mtu akaanzisha wimbo wa Majilio, akaukosea. Bibi akamnyamazisha na kuuanza upya, chini zaidi, na wote wakaitikia. Mke wa fundi alikuwa akikoroga sufuria huku anaimba, na ilipita saa nzima kabla hajakumbuka kwamba kesho ni Jumatatu na hana kazi ya kwenda.