Kikapu cha Kliniki

Nesi Klara hana ubaya. Naanza na hilo, maana watu wa Katoro kwa kutafuta wa kumlaumu hatujambo.

Alikuja na utaratibu wake pale zahanati ya mtaani kwetu: kila mjamzito akija kliniki aje na chakula atakachopika siku hiyo, akionyeshe mbele ya wenzake, wafundishane. Nia nzuri. Lakini mwanamke gani atasimama aonyeshe watu kwamba leo kwake ni ugali na mlenda, kama jana? Bora asije kabisa, na wengine waliacha kuja.

Mimi Chausiku nauza mboga sokoni, basi nikatengeneza kikapu. Matembele, dagaa, maharage, papai moja la kueleweka, na mayai niliyoyachemsha kabisa yasije yakavunjika njiani. Mwanamke anaingia nacho mlango wa mbele, anasifiwa, anatokea upande wa chooni, anampitishia mwenzake juu ya uzio. Mimi nipo nje nalinda mali yangu. Kliniki ikiisha nachukua changu, na mayai jioni nayauza na kachumbari. Siku za mwanzo tulicheka sana. Nesi alikuwa akisema akina mama wa hapa wameelimika.

Aliyeharibu ni Zuhra, jirani yangu. Mimba ilikuwa kubwa, mumewe Ayubu yuko machimboni porini, shimo lao halijatoa kitu tangu masika, na simu hapokei. Zuhra alikuwa anakula michembe, vile viazi vya kukausha, asubuhi na jioni. Ukimuuliza, anajikaza kisabuni: "Nimeshiba, dada." Na midomo myeupe. Mwezi uliotangulia nesi alimpima damu akakuta iko chini, akatazama kikapu, akampa vidonge. Unga wa lishe ulikuwepo, magunia yamepangwa ukutani, lakini huo ni wa wasio na kitu. Zuhra alikuwa na papai.

Safari hii nilisikia yote kupitia dirishani. Damu imeshuka zaidi.

"Mama, chakula kizuri hivi na damu haipandi?" nesi akamwambia. "Basi kuna ugonjwa ndani. Nakuandikia uende Geita wakakupime. Ukijifungua na damu hii utatufia."

Zuhra akaitikia tu, akatoka na kikapu.

Eunice, mjamzito mwenzake, alikuwa anangoja zamu yake ng'ambo ya uzio, mikono ameshainyoosha. Zuhra hakumpa. Aliketi chini pale karibu na choo, akamenya yai, akala. Akamenya la pili.

"We Zuhra, una wazimu?" nikamwambia. "Mwenzio anangoja."

Hakuinua hata kichwa. Nilikasirika, nisiseme uongo; mayai yalikuwa yangu. Halafu nikamwona anaokota punje za kiini zilizodondokea kwenye khanga, anazitia mdomoni moja moja. Hasira ikanitoka yote, nikabaki na aibu.

Eunice alipokawia kuingia, nesi akatoka kumtafuta. Akamkuta Zuhra na maganda mapajani. Akakitazama kikapu. Mpini wake nimeufunga kitambaa chekundu, na yeye alikuwa amekisifu miezi yote ile, kwa kila mwanamke aliyeingia nacho.

"Hiki kikapu ni cha nani?"

"Changu," nikasema.

"Na nani amewahi kula vilivyomo?"

"Mimi," Zuhra akasema. "Leo. Ugonjwa wenyewe ni njaa, nesi. Huko Geita watapima nini?"

Nesi Klara akasema taratibu kwamba magunia ya unga yalichukuliwa wiki iliyopita, yakapelekwa kwingine. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia wakubwa wake kwamba akina mama wa hapa wanakula.

Nikazunguka uzio, nikatoa kisu changu cha mboga, nikampasulia Zuhra papai. Alikula kwa haraka, maji yanamchuruzika mpaka kwenye viwiko. Alipofika nusu akasita. Akamtazama Eunice, aliyekuwa bado amesimama kule nje ya uzio, macho kwenye papai.

"Njoo," Zuhra akamwambia.

Eunice akaja, akaketi chini, akala.